Kwa Baba, Uliyemficha Afande

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipoanguka katikati ya kumchanja paka wa mwalimu jirani. Paka aliruka juu ya kabati la dawa, nawe ukabaki sakafuni na bomba la sindano mkononi. Mama alidhani unatafuta kitu chini ya meza. Alikuita mara mbili kwa hasira kabla ya kuuona uso wako, na hadi leo anajilaumu kwa ile hasira.

Tunaikumbuka nyumba kama ulivyoizoeza: kliniki na sebule ukuta mmoja, chanjo na maziwa friji moja, sisi wanao tukifanya kazi za shule huku tumeshika miguu ya mbuzi. Ng'ombe wazee uliwaamkia shikamoo, wenye ng'ombe ukawagombeza. "Wagonjwa wangu hawadanganyi," ulizoea kusema. "Waongo ni hao wanaowaleta." Mama, kutoka mapokezi, alikuwa hakosi jibu: "Na wewe nani anakuleta?" Mkacheka mpaka mgonjwa akabweka.

Lakini liko jambo ambalo nyumba yetu imelifungia ndani, na mwaka huu limemwandama Mama kuliko msiba wenyewe. Leo tunalisema hadharani. Wenye kambi ya jeshi wakitaka kuuliza, waje watuulize.

Wanaosoma hawajui, kwa hiyo tuwaeleze. Miaka minne kabla hujatutoka ulikuwa ukitibu mbwa wa jeshi, wale wanaonusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao aliitwa Afande. Jina alipewa na sajenti aliyemshika kamba: "Yeye anatangulia, mimi namfuata nyuma. Sasa hapo mkubwa nani?" Siku moja Afande alilala katikati ya barabara, akagoma kuinuka. Sajenti alimvuta, akambembeleza, akamtukana, wapi! Nyuma yao lilikuja lori lenye askari kumi na wanane. Hatua chache mbele ya pua ya mbwa lilifukuliwa bomu la kulirarua lori zima. Askari wote kumi na wanane walirudi kwao. Baadaye bomu jingine lililipuka kabla Afande hajalifikia, likamkata mguu wa nyuma na kumwacha kiziwi.

Ikaamuliwa kambini kwamba hafai tena. Karatasi ikaja: adungwe sindano ya mwisho. Sajenti alimleta mwenyewe, akashindwa kuingia. Alisimama uani, ameupa mlango mgongo. Ulipotoka ulimkabidhi mkanda wa shingoni wa mbwa wake, ukamtazama machoni. Akapiga saluti, akaondoka. Karatasi ukaitia sahihi. Kisha ukaingia jikoni ukamwambia Mama, "Mkono umekataa. Nimempa usingizi tu, jioni ataamka. Yule kijana asijue. Akijua, furaha yake itaonekana kambini, imponze."

Hivyo ndivyo Afande alivyokuja kuishi chumba cha nyuma, marehemu kwenye karatasi, na njaa ya mbwa wawili. Ulimtembeza uani kila siku kabla ya kufungua kliniki. Wateja walipouliza, tulisema ni mgonjwa wa kulazwa. Tuliona ni jambo zuri, hata la kuchekesha.

Siku ya mazishi yako Sajenti alikuja. Aliinama mbele ya Mama, akamshika mikono. "Mzee ndiye aliyemsindikiza mwenzangu, Mama. Sitamsahau." Hatua kumi kutoka hapo, nyuma ya mlango wenye komeo, Afande alikuwa ameshaipata harufu yake. Akaanza kukwaruza mbao. Sajenti akainua kichwa.

"Mna mgonjwa humo?"

"Ndiyo, mwanangu," Mama alisema. "Mgonjwa."

Sajenti akampa pole kwa ajili ya huyo mgonjwa, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Mama hakuwa mtu. Mlango ule ameupaka rangi mara mbili, na bado anaziona alama za kucha. Alisikia kukwaruza akiwa mapokezi, akiwa bafuni, akiwa ameketi na mbwa mwenyewe amelala miguuni pake. Alizima redio ili asikilize vizuri. Na wewe pia, Baba, hukukaa mbali. Harufu ya ile dawa yako ya kunawia mikono hupita kwenye korido wakati hakuna aliyenawa. Dada yetu mkubwa, ambaye sasa ndiye daktari na ndiye anayevaa koti lako, hugeuka kukutafuta. "Baba yenu ananiuliza," Mama alituambia. Anauliza nini? "Haulizi kwa maneno."

Miezi miwili iliyopita Dada alimpima Afande, akakuta figo zimechoka. "Wiki mbili, Mama. Zikizidi sana, tatu." Mama akachukua simu. Sisi tukamzuia. Tulimwambia atakuvunjia heshima kaburini, kambini wataifukua ile karatasi, pengine kliniki itafungwa.

"Heshima yake nimeilinda mwaka mzima, na silali," alisema. "Huyu mbwa akifa kabla yule kijana hajamwona, mimi sitapona. Nipisheni."

Sajenti alikuja Jumapili mchana na mfuko wa machungwa. Mama hakumpa kiti. Alimweleza yote wakiwa wamesimama, kuanzia sindano mpaka siku ya mazishi. Sajenti aliuliza kitu kimoja tu: "Yuko wapi?"

Mama akavuta komeo. Afande hakusikia, na macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini pua ilikuwa ileile. Alikuja kwa miguu yake mitatu akiteleza kwenye vigae, akazamisha kichwa kwapani mwa Sajenti, akatulia hapo. Yule mwanamume alilia kwa sauti. Tukatoka nje.

Hakutushukuru. "Miaka mitano, Mama! Mkanda wake nimeuzika nyuma ya nyumba. Nikapewa mbwa mwingine nikamkataa, wakanihamishia stoo. Na Mzee alinitazama machoni!"

"Na mimi nilikutazama," Mama akamjibu. "Nikaacha mlango umefungwa. Nikasirikie mimi, ndiye niliyebaki."

Aliondoka bila kuaga. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena, siku kumi na saba. Afande alikata roho adhuhuri, kichwa chake kikiwa juu ya buti la Sajenti. Hatukuhitaji sindano.

Kukwaruza kumepungua, Baba. Hakujaisha.

Tulipokaa kuandika haya, Mama alimuuliza Sajenti kama tunaweza kumtaja. "Niandikeni," alisema. "Ila msiandike kwamba nimemsamehe." Kwa hiyo hatuandiki.

Hutatutoka moyoni, siku zote tutakazopewa. Unakumbukwa na mkeo. Na binti yako daktari. Na sisi mapacha wako wa mwisho. Na mdogo wako fundi viatu. Na wajukuu zako watatu. Unakumbukwa pia na Sajenti. Jana asubuhi, tulipokwenda kulisafisha kaburi lako, tulimkuta ameshafika, amepiga magoti, anang'oa majani.