Tela la Goweko

Jumatatu, 3 Juni
Goweko tena. Mapipa sita ya asali kwenye tela, pikapu mbele, gia ya pili mpaka barabara kuu. Karibu na mjini, trafiki. Nilimpita. Akanifuata kwa pikipiki. Binti mpole.
"Shikamoo baba. Hukuona mkono wangu?"
Nikasema jua. Kulikuwa na mawingu.
Tela halina namba. Nililichomelea mwenyewe zamani, hakuna aliyewahi kuuliza. Akanieleza: tela zito husajiliwa peke yake, lina kadi yake, hukaguliwa breki na taa. Tena leseni yangu ni daraja D. Uzito ule unataka E. Mapipa tumeyahamishia gari la jirani. Tela limebaki kituoni. Sina hasira. Sina chochote.

Alhamisi, 6 Juni
Mkaguzi kalizunguka tela. Kataka namba ya chesisi. Haipo. Itagongwa kwenye chuma. Taa mpya. Breki. Yote yanawezekana. Imebaki fomu ya daktari, ya leseni.

Jumanne, 11 Juni
Herufi ukutani. Jicho la kushoto, mistari mitano. La kulia, sikuona hata karatasi. Presha ya macho, ya siku nyingi. Dawa itazuia, haitarudisha. Daktari hakusaini. Nilikaa kwenye benchi mpaka wafagizi wakaniomba ninyanyue miguu. Nyumbani nimemwambia mke wangu foleni ilikuwa ndefu.

Jumatano, 12 Juni
Nimeosha pikapu. Ilipotakata nikaiosha tena.

Jumapili, 16 Juni
Tumetoka kanisani, mke wangu Asteria kaniuliza fomu iko wapi. Nikamwambia yote. Hakushtuka.
"Baba Neema, nilijua. Zaburi unanisomea kwa kichwa. Ukurasa unafungua wowote tu."
Nikaona aibu. Kidogo. Nikasema tuliuze tela.
"Usiuze. Hiyo E nitaisomea mimi."
Leseni ya D anayo, pikapu huipeleka sokoni kila wiki. Sikubisha. Nilikuwa nafikiria ni mara ngapi nimempakia nikiwa hivi.

Jumatano, 10 Julai
Uwanja wa chuo cha udereva. Asteria anarudi kinyumenyume na tela la chuo. Limepinda mara nne. Usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Mimi nilijifunza hilo kwa kuvunja ukuta wa watu. Sikumwambia. Mara ya tano liliingia. Nilipaswa kufurahi. Nilipiga makofi.

Jumamosi, 3 Agosti
Tela lina namba. Asteria ana E. Tumekwenda Goweko, mimi kiti cha kushoto. Sikujua niiweke wapi mikono. Wakati wa kurudi, mapipa yamejaa, nilitaka kumwambia apunguze gia kwenye mteremko. Alikuwa ameshapunguza.
Kisha nikalala. Miaka yote sijawahi kulala kwenye barabara ile. Aliniamsha tumefika nyumbani, injini imeshazimwa.