Aliyeangushwa na Kicheko

Mollo, Sumbawanga
24 Februari 2024

Mwanangu Wilibrodi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mbeya? Masomo yanakwendaje, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tunaendelea, ila mvua haitupumzishi na maharage ya bondeni yameanza kuoza. Mama yako mdogo Jenifa bado yuko hapa tangu msiba, anakusalimu sana.

Barua hii nimempa Kheri, yule kondakta wa basi la kina Lukmani. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii anaishika mkeo, na ninayotaka kusema yanamhusu yeye.

Uliondoka mara tu baada ya kumzika baba yako, kwa hiyo siku ya kuanua matanga hukuwepo. Mzee Vitus, mtani wetu, alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita uani akichechemea vile vile, huku akidai ugali wa ulezi na kugomba kwamba nyumba hii chumvi inatolewa kwa kibali. Watu walicheka hadi machozi, ndiyo kazi ya mtani. Mkeo Tusekile naye akacheka. Mara magoti yakamlegea, taya likashuka, akaenda chini kama gunia. Macho nusu wazi, mdomo hausemi. Kisha mtu akasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Marehemu amemshika mtu wake."

Mimi na Jenifa tulimbeba tukamlaza chumbani. Baada ya dakika mbili tatu akainuka mwenyewe, akafuta mate, akaenda kuosha sufuria. Hebu niambie wewe msomi, mtu mwenye afya yake anaanguka hivyo na kuinuka hivyo?

Tena si hilo tu. Mchana analala. Analala akichambua maharage, analala kanisani padre akihubiri, na juzi kalala amesimama, mwiko mkononi. Mtu anayelala mchana, usiku alikuwa wapi? Unajua watu wa huku wanavyosema: anayeamka amechoka kila siku, ama analimishwa mashamba ya watu usiku, ama mlimishaji ni yeye. Mimi sijasema. Nasema tu kwamba aliingia nyumba hii mwezi wa nane, na wa pili haukuisha tukawa tumezika.

Watu wa kitongoji wamekubaliana kuwaita kamchape, wale wanaofichua wachawi, mvua zikipungua. Kila nyumba itatoa watu wake wanyolewe na kunyweshwa dawa. Nakuambia mapema usije ukasema mama yako alikuficha.

Mama yako,
Monika


Mbeya
2 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, kilichobaki ni usingizi wa mitihani. Mpe pole mama mdogo Jenifa na umshukuru kwa kukaa na wewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekasirika, na unajua kwa nini. Lakini pia nimeshukuru, maana umenieleza hali ya mke wangu vizuri kuliko alivyowahi kunieleza mwenyewe. Mimi nilikuwa namtania tu kwamba nimeoa paka.

Mama, ubongo ni seli nyingi zisizohesabika zinazopelekeana habari. Kuinua jembe, kumeza mate, moyo kwenda mbio ukiogopa, kila kimoja kina kundi lake la seli linalokiendesha. Ndani kabisa kuna kikundi kidogo kinachotushikilia tuwe macho mchana. Kuna watu ambao seli hizo hufa, na mtu wa namna hiyo atasinzia popote, hata kama usiku mzima alikuwa kitandani. Sasa kuna na jambo jingine. Tukiwa tunaota, ubongo hukata mawasiliano na misuli, ndiyo maana unaota unakimbia na bado hutoki kitandani. Kile kikundi kikikosekana, mawasiliano hayo hukatika ovyo hata mchana, na kinachoyakata zaidi ni kicheko.

Kumbuka mashine ya kusaga ya pale Izia mkanda unapochomoka. Injini inanguruma, jiwe limesimama. Tusekile alikuwa hivyo. Hakuzimia, mama. Alikuwa macho, akili timamu, anasikia kila neno mlilosema juu yake. Kilichokatika ni misuli tu.

Sijampima, ni kwa ninavyosoma. Nimezungumza na daktari anayetufundisha na amekubali kumwona. Nakuomba usimtoe kwa kamchape. Ukimtoa, utakuwa umenitoa mimi.

Mwanao,
Wilibrodi


Mollo
7 Aprili 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka tumekula salama. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi.

Nina swali moja. Huyo mtu aliyeanguka, anasikia sauti ya kawaida tu au hata ya kunong'ona? Pale chumbani mlango ulikuwa umefungwa na nje kulikuwa na makelele ya watu. Nauliza tu, nijue.

Amekuambia nini? Maana mnaongea kila jioni kwenye simu, na mimi nikiingia anashusha sauti. Sikutegemea mwanangu akae na mambo yangu kinywani asiniulize. Kama ameshasema, niambie ameshasema.

Tangu barua yako namwangalia. Ananiamkia kwa magoti. Ananipikia uji wa ulezi na kuufunika kwa sahani. Siunywi. Akienda kisimani nawamwagia kuku, halafu nakaa kuwaangalia. Mtu anayejua jambo lako na hasemi, anangoja nini? Angenitukana ningelala.

Jenifa amerudi kwake Pito. Hakuaga vizuri.

Kamchape wanakuja Jumamosi tarehe nne Mei. Jina la Tusekile nimeshalitoa. Na mtu akishatajwa na wale, lolote atakalosema juu ya mwenzake halina uzito tena. Hilo nalo ulijue.

Mama yako,
Monika


Mbeya
13 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi nipo, ila sina raha.

Swali lako nalijibu: anasikia hata mnong'ono.

Nimempigia Tusekile nikamuuliza alisikia nini chumbani siku ile. Akasema, "Sikusikia kitu, nilikuwa kama nimelala." Mama, sivyo ugonjwa huu ulivyo. Nimempigia mama mdogo Jenifa, akakata simu nilipotaja neno chumbani. Na wewe unaniuliza maswali ya mtu mwenye hofu. Kuna jambo watu watatu mnalijua na mimi silijui.

Halafu nikakumbuka lile kopo. Desemba nilimtumia baba vidonge vya presha vya miezi mitatu. Siku ya mazishi nilivitafuta nivirudishe zahanati, visimdhuru mtu. Kopo halikuwepo. Nilidhani limepotea kwenye purukushani za msiba, maana vidonge vya mwezi mzima na zaidi vilipaswa kuwemo. Jana nikamuuliza Tusekile nani alikuwa anampa baba dawa mwezi wa kwanza. Akasema ni yeye, hadi siku ya mwisho.

Umefurahi? Maana sasa na mimi nimeanza kumshuku. Namwamini darasani, nikiingia kitandani simwamini. Kama ni yeye aliyekuwa na kopo, kopo liko wapi? Naogopa kumuuliza zaidi, na naogopa zaidi kuona anavyojibu haraka.

Wewe ulikuwa humo ndani. Nani alimpa baba dawa? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Mwanao,
Wilibrodi


Mollo
1 Mei 2024

Mwanangu Wilibrodi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii anakuletea Tusekile mwenyewe. Mpokee kwanza, mpe maji ya kuoga, mpe chakula, ndipo usome.

Mwezi wa kwanza baba yako hakupewa dawa na mkeo. Nilijitwika kazi hiyo mimi, na mimi sikumpa.

Vidonge ulivyokuwa unaleta zamani vilikuwa vyeupe. Hivi vya Desemba alivipokea mkeo kwa Kheri, na vilikuwa vya njano. Baba yako akaanza kwenda kukojoa kila saa, anashika ukuta akisema kizunguzungu. Nikasema basi, mgeni huyu kabadilisha. Nikamwambia Tusekile, kuanzia leo mume wangu nampa dawa mwenyewe. Nikavimwaga chooni na kopo lake. Wiki tatu baba yako alikuwa mzima kabisa, anakwenda shamba na kurudi, nikajipongeza. Wiki ya nne akaanguka mlangoni, upande mmoja hauna uhai. Hata hapo bado nilisema ni sumu ya mwanzo imebaki mwilini.

Siku ya matanga, tulipomlaza Tusekile kwenye mkeka, nikamwambia Jenifa, "Huyu na vidonge vyake vya njano, afadhali nilivimwaga." Jenifa akanitazama. "Dada, ulimwaga dawa ya shemeji?" Uso wake ndio ulionionyesha nilichofanya, mwanangu, kabla hajasema la pili. Nikamwambia jambo hili lisitoke humu. Na Tusekile amelala katikati yetu, kichwa kwenye goti langu.

Halafu ukaja kuniandikia kwamba anasikia. Ndipo nilipolipeleka jina lake, ili akisema asisadikiwe. Ndiyo, nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu.

Barua yako kuhusu kopo niliisoma, nikakaa nayo wiki mbili. Kwamba anakudanganya wewe mumewe, anajitwika kopo, ili mimi nipone. Jumatatu tulikuwa uani tunapeta maharage. Nikamchekesha kwa makusudi. Nilimwigiza yule katekista wetu anavyopiga chafya katikati ya sala, na kila mara anaanza upya. Akacheka, akalegea. Nikamdaka kichwa kisigonge jiwe, nikamlaza, nikamwambia yote, moja moja, jinsi nilivyomwaga na jinsi nilivyomtaja. Nisingeweza kumwambia akiwa na mdomo wa kunijibu. Chozi lilimtoka na hakuweza kulifuta. Nikalifuta mimi.

Alipoinuka alisema, "Nilijua, mama." Nikamuuliza mbona hukusema kwa mumeo. Akasema, "Wili ameshazika baba. Nikimwambia, atakuwa amezika na mama." Kisha akashika ungo wake akaendelea kupeta.

Jana nilikwenda kulifuta jina lake. Wamenicheka. Wamesema mkwe ameshaniroga na mimi, ndiyo maana namtetea. Nilimwaga maneno mwenyewe kwa miezi miwili, sasa hayazoleki. Kwa hiyo leo alfajiri nimempandisha gari la Kheri, na asirudi huku kwa sasa. Jumamosi nitakwenda uwanjani mwenyewe, nikae mahali walipomwekea, niseme nani alimwaga dawa. Watanifanya wanavyotaka. Unajua mwanamke wa umri wangu akisema neno kama hilo pale anarudi vipi nyumbani, au harudi. Nimelifikiria.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Mtunze mkeo, na watu wasimchekeshe karibu na moto.

Mama yako,
Monika


Mbeya
2 Mei 2024

Mama,

Tusekile amefika jana jioni. Nilimpa maji na chakula kama ulivyoagiza, akasinzia na tonge mkononi, ndipo nikatoka nje kusoma. Nilikaa huko hadi baridi ikanirudisha ndani. Salamu leo sikuandika. Nilijaribu, mkono ukakataa, na sikutaka kukuandikia shikamoo ya uongo.

Niliandika kwanza kwamba umemuua baba. Nikaichana. Nikaandika tena, nikaichana tena. Hasira ninayo, sikufichi, na sijui itakwisha lini.

Lakini vile vidonge vya njano nilivinunua mimi. Daktari alibadilisha, akaniambia vyeupe havimtoshi tena. Kukojoa kule ndiyo kazi yake: maji yanapungua, presha inashuka, mshipa wa kwenye ubongo haupasuki. Kizunguzungu ni cha siku za mwanzo, kingeisha. Yote hayo niliyajua siku nilipomkabidhi Kheri kopo. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Mke wangu alipoanguka nilikuandikia ubongo wake mzima, na injini na mkanda. Ubongo wa baba sikukuandikia hata mstari mmoja.

Na nimemshuku Tusekile wiki tatu hizi, akiwa peke yake katikati yetu sote. Asubuhi hii nimemwambia. Alisema alishajua kwa sauti yangu ya simu.

Mtihani wa mwisho ni kesho asubuhi. Nikitoka nao tu napanda gari, na nikifika mjini nitapitia polisi kwanza. Barua hii Kheri anakuja nayo leo. Mwite mama mdogo Jenifa, jifungieni, mtu akibisha hodi usimfungulie hadi usikie sauti yangu. Jumamosi usitoke peke yako kwenda uwanjani. Tutakwenda wawili. Wewe utasema ulimwaga dawa, na mimi nitasema aliyeituma bila maelezo ni mimi.

Mwanao,
Wilibrodi