Kadi za kamera sizifuti

Mwenzangu, nimemkaidi bosi. Mimi!

Nilikuwa studio nahamisha picha za harusi ya jana kutoka kadi za kamera kwenda diski ya nje. Bosi akainyanyua ikiwa bado inazunguka, ikamponyoka, pu! Sasa inagongagonga tu ndani.

Eti, "Si kuna flashi? Tia humo ufute kadi, kesho tuna harusi nyingine."

Flashi yenyewe ile ya bure ya semina! Nikamwambia taratibu, "Bosi, flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Ile diski ya SSD niliyoomba haina kinachozunguka, ingeanguka ikaamka nzima. Sasa picha ziko kwenye kadi tu. Sifuti."

"Unasemaje?"

"Sifuti."

Mara mbili, mwenzangu! Mbele ya wateja!

"Umesomea wapi wewe?"

"Nimejifunza kwa kuharibu vyangu, bosi, si vya bibi harusi."

Nikaanza kunakili kwenye laptop yangu. Kazi imefika nusu, bosi akafunga studio, laptop ikiwa ndani.

Kadi ninazo mimi. Sasa hivi kaandika: "Kesho njoo na kadi tupu." Nimemjibu: "Nakuja nazo zimejaa. Nusu bado haijahama."