Aliyeshindwa Anaosha Vyombo

Mkolani, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua sasa kinakuacha ulale, na migomba ya nyuma ya nyumba imestahimili ule upepo. Mimi ni mzima, na kibanda changu cha chakula ni kizima, ingawa najua hiyo ya pili si habari unayoipenda.

Barua yako, ile uliyoniita mhuni, nimeisoma kwa hasira. Unasema msafiri aliyeshuka melini amekwambia binti wa katekista anachezesha kamari huku Mwanza, kwamba ni kinyume cha sheria, na nisipofunga kibanda kabla ya Pasaka kaka Deo atakuja kunichukua. Baba, sifungi. Nisikilize kwanza.

Jumapili wateja wangu husikiliza mpira redioni. Ubishi wa mpira hauna dawa, basi wakazoea kuwekeana dau: timu yako ikifungwa, unamlipia mwenzako wali na sato. Mimi nilikuwa napika tu. Ila kwa kuwa walioshindwa walijisahaulisha kulipa, niliandika ukutani kwa chaki, "Aliyeshindwa Analipa." Maandishi hayo ndiyo yaliyoniletea mgambo.

Akanipeleka kwa katibu kata.

"Dada, kamari ni marufuku," katibu akasema.

"Na ile bahati nasibu inayotangazwa redioni?"

"Ile ina kibali."

"Na mimi kibali nakipata wapi?"

"Dar es Salaam," akajibu, akacheka, kana kwamba Dar ni hapo Kamanga, ng'ambo ya maji, unavuka na kurudi.

Mimi sikucheka. Siku hizi kila mtu anasema ruksa, na hakuna anayejua ruksa ya nini. Kesho yake nikaenda mahakamani kumwuliza karani mmoja, mteja wangu. Akanieleza taratibu: watu wakiwekeana fedha au kitu cha thamani, na mwenye mahali akapata faida humo, anayeshikwa ni mwenye mahali. Kwa hiyo msafiri wako hakudanganya sana, nakubali. Lakini Baba, na yule jogoo wa bahati nasibu ya kanisa? Kibali chake sikukiona, na paja ulikula wewe.

Nikafuta ukuta. Sasa kila mtu analipia sahani yake kabla mpira haujaanza, na aliyeshindwa anaosha vyombo vyote mbele ya watu. Ungewaona madereva wa malori wanavyosugua masufuria kwa majivu. Wapo wanaotoka Kigongo kuja kutazama tu, na wakishafika njaa inawashika. Katibu kata naye alikuja kukagua. Hakuona dau mezani, akaketi, akachagua timu. Ikafungwa. Alivua saa, akaosha mpaka sufuria la ugali, na mgambo hajarudi tena.

Inaniuma kuitwa mhuni na mtu aliyenifundisha sala. Nawakumbuka sana nyote. Lakini kibanda hiki nimekisimamisha kwa mikono yangu, na sheria yake nimekwenda kuiulizia mwenyewe, jambo ambalo msafiri wako hakulifanya.

Nisalimie Mama, na shangazi yangu mshonaji wa vitambaa vya altare. Kaka Deo naye, kama bado unamtuma, mwambie achague timu kabla hajashuka melini, na aje na shati la mikono mifupi.

Ni mimi binti yako, nipo palepale,

Koku