Namba Anayoitangaza Baba

Rajkot,
Jumapili

Kwako Kaka Mrugesh,

Pokea heshima zangu. Hali yako huko Muscat? Wifi hajambo? Sisi tupo, ila macho ya baba yanazidi kuingia ukungu, nami nimechoka hadi hapa shingoni.

Kaka, baba ameibiwa. Pesa zote za kupasuliwa mtoto wa jicho zimekwenda. Unamjua, Jumapili bila jalebi haimpiti. Mimi hubaki nje na pikipiki, yeye huingia duka la vitamutamu, humkabidhi mhudumu kadi, kisha huitangaza namba yake ya siri kwa sauti ya mnadani. Na wenzake wote ndivyo wanavyofanya! Ukijificha kubonyeza, utaambiwa unamwona mwenye duka mwizi. Basi mhudumu mmoja mgeni akaipeleka kadi nyuma ya pazia, akaipitisha kwenye kidude chake, akaitengenezea pacha. Namba alishapewa bure. Kesho yake pesa zikachotwa mji mwingine, Surat, na kadi halisi imelala mfukoni mwa baba.

Benki wakasema aliyetoa siri kwa mdomo wake asiwadai wao. Nilimfokea baba, Mungu anisamehe. Nikamwambia kadi isimtoke mkononi, mashine iletwe mbele yake, abonyeze mwenyewe huku ameifunika kwa kiganja. Akanijibu eti nimekuwa askari jela, na kwamba Popatbhai mwenye duka amemlisha jalebi tangu hajaota ndevu, leo amfiche vidole? Nikamwambia basi Popatbhai ampasue na macho.

Jana tulichukua kadi mpya. Akaniomba nimbonyezee namba, maana haoni. Akanitajia ileile ya zamani! Nilitaka kulia kwa hasira. Kumi na tisa, kumi na mbili. Siku uliyozaliwa, kaka.

Nikamuuliza kwa nini haibadilishi. Akasema kila akiitaja, Popatbhai huikumbuka tarehe hiyo na kumuuliza kama mwanawe hajambo, naye hujibu kwamba hajambo, juzi tu kapiga simu. Hapa nyumbani, akasema, akikutaja mimi hukunja uso.

Kweli hukunja. Hujapiga simu tangu harusi yako.

Mimi hanisikii tena. Mpigie wewe, umwambie achague namba nyingine. Lakini kwanza muulize habari za macho yake.

Msalimie wifi sana.

Ni mimi mdogo wako,
Hetal