Sindano Sitini

Tororo, 8 Oktoba 1977

Kwa Mama Maggie, mzazi wa mke wangu,

Salamu zikufikie huko Busia upande wa Kenya. Natumaini magoti yako yamepoa. Sisi huku ningesema hatujambo, lakini karatasi siku hizi ni adimu, sitaiharibu kwa uongo.

Binti yako Rehemah, wewe unamwita Nasirumbi, ana kifua kikuu. Mwezi wa Ramadhani alikohoa akasema ni vumbi. Akafunga siku zote thelathini, na siku ya Idi akatema damu kwenye leso. Daktari ameandika sindano sitini, moja kila siku, pamoja na vidonge vya mwaka na nusu. Leo amepata ya kumi na tisa. Kesho ya ishirini, kisha kabati la dawa ni tupu, Tororo yote. Daktari amenivuta pembeni: "Hamuza, akikatiza, ugonjwa utaizoea dawa. Ukishaizoea, mimi sina nyingine." Kwa hiyo vichupa arobaini ndiyo uhai wake.

Wewe ulikuwa dresa wa hospitali ya misheni, ukifunga vidonda na kudunga sindano miaka kumi na nane, na watu wako wangali pale. Sikuombi msamaha kwa kumuoa wala sikuulizi kwa nini hujakanyaga kwangu miaka kumi na moja, hata tulipomzika mtoto wetu Madina. Naomba vichupa tu. Mpe Mangeni wa baiskeli aliyekuletea barua hii. Usitumie posta, barua zinafunguliwa.

Mkweo,
Hamuza


Busia, 11 Oktoba 1977

Bwana Hamuza,

Nimepokea salamu zako zenye pilipili. Magoti bado yanauma, asante. Mwambie mwanangu nimelia, kisha mwambie nimenyamaza, maana kilio hakidungwi kwenye mshipa wala kwenye nyama.

Natuma vichupa kumi na tano ndani ya debe la ufuta. Vingine natafuta. Mpe maziwa, mayai, dirisha wazi. Kikombe chake kiwe chake. Masikio yakimvuma au akipepesuka, niandikie upesi, hiyo dawa hula masikio.

Kanisa letu huko kwenu limefungwa tangu mwezi uliopita, nasikia hata kuomba watatu sebuleni ni kosa. Sisi huku tunamwombea kwa sauti ya kutosha nchi mbili.

Mama yake Nasirumbi,
Maggie


Tororo, 14 Oktoba 1977

Mama Maggie,

Salaam. Natumaini mvua imewafikia. Uliandika kumi na tano; nimehesabu kumi na nne na chembe za kioo ndani ya ufuta. Sikulaumu, nakupa hesabu. Siku mbili zilipita bila dawa. Tarehe kumi na mbili tukaendelea na ya ishirini na moja.

Sasa tatizo ni mkono. Muuguzi Akiteng, aliyekuwa akija nyumbani kumdunga, hajaonekana tangu juzi. Watu walimfuata kwa gari lisilo na namba. Kwa miguu hospitali hafiki, na njia ina vizuizi viwili vya askari. Nikasema, mimi niliyefungua injini ya lori nikaifunga bila kufundishwa na mtu, sindano itanishinda? Jana na leo nimemdunga mwenyewe. Ya jana ilikwenda vizuri. Ya leo alipiga ukelele, na mguu wa kushoto umekufa ganzi mpaka kwenye kidole. Ananiambia, "Usijali, Baba Madina, nina mwingine." Anacheka, ndipo anakohoa, ndipo natoka nje.

Sitamgusa tena. Njoo. Vichupa kumi na kimoja vimekaa mezani vinanitazama.

Hamuza


Busia, 15 Oktoba 1977

Wewe mtu!

Salamu baadaye. Tako ligawe mara nne kama mkate. Unadunga juu, upande wa nje, hapo tu. Umechokoza mshipa wa fahamu. Mungu akipenda mguu utarudi. Mkande kwa maji ya moto.

Unaniita nije. Hamuza, nyinyi watu wa mjini mliokulia karibu na msikiti, mama mkwe kwenu anaingia, anakaa, anakula pilau. Kwetu Wasamia mama halali chini ya paa la mkwe wake, hali mbele yake, hamtazami usoni. Ni mwiko, na anayeulipa ni yule binti. Mgonjwa wangu ndiye nitakayemletea laana? Ulidhani miaka kumi na moja nilikuwa nakudharau. Ndiyo, mwanzo nilikudharau kidogo, kwa kumbadilisha mwanangu jina. Lakini mwaka wa sabini na tatu, ulipompeleka mtoto kaburini, nilikuwa nimesimama barabarani tangu asubuhi, penye kivuli cha Mwamba wa Tororo. Ulipita mbele yangu umembeba mikononi. Nilikuwa na kitenge cha kijani. Hukuniona. Nikageuka nikarudi Busia.

Nipe njia ambayo si nyumba yako. Nina vichupa vingine ishirini.

Maggie


Tororo, 16 Oktoba 1977

Mama,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kitenge cha kijani sikukiona. Siku ile sikuona kitu.

Umetaka njia. Leo saa nne nimemwita Shehe Jamilu, na mzee Oguttu wa kwenu anayeijua mila, wakae mashahidi. Nimempa Rehemah nyumba hii, vyumba vitatu na ua, kwa kauli na kwa maandishi. Nimetoa vitu vyangu vinne: mswala, tasbihi, redio, blanketi. Nalala kwenye lori langu mwisho wa ua, na chakula nitapokelea dirishani. Mzee Oguttu amesema, "Mama akija kulala kwa bintiye, mwiko unauma nini?" Ukiwa na neno, tutaandikiana. Acha makaratasi kwenye mkebe wa chai barazani.

Umeishiwa sababu. Mangeni atakupitisha kesho alfajiri.

Hamuza, mtu asiye na nyumba


Barazani, 26 Oktoba 1977

Bwana Hamuza,

Hujambo humo ndani ya chuma chako? Mimi sijambo. Mwanao, nasahihisha, mwanangu, amekunywa uji bakuli zima. Leo ni ya thelathini na tatu. Vidole vya mguu vinatikisika, isipokuwa kile kidogo, kikaidi kama mtu ninayemjua.

Nina lalamiko. Kila jioni unakaa kwenye ngazi ya baraza unasoma Kurani kwa sauti ya mnadani. Mgonjwa anahitaji utulivu. Mungu wako ni kiziwi?

Mama wa humu ndani


Kwenye lori, 26 Oktoba

Mama wa humo ndani,

Nasoma kwa sauti kwa sababu wewe unaimba. Unadhani unaimba polepole. Jumapili jirani wa nyuma, yule anayependa kuandikaandika majina ya watu, aliniuliza, "Bwana Hamuza, siku hizi kwako kuna nyimbo za kanisa?" Nikamwambia ni redio ya Nairobi. Jumatatu akaniuliza tena. Tangu hapo ukianza wimbo mimi naanza sura ya Yasin, na wewe una beti nyingi, mama, nimeshachoka koo.

Sikukatazi. Imba, nami nitasoma. Zikifika juu Mwenyewe atazichambua.

Hamuza


Barazani, 27 Oktoba

Sikujua. Nasirumbi alijua, akanyamaza, anasema alifurahi kulala katikati ya sauti mbili. Leo nimeweka asali kwenye mkebe. Ni ya koo lako.

Maggie


Barazani, 14 Novemba 1977

Hamuza,

Salamu na pole ya baridi. Leo ni ya hamsini na mbili. Amesimama mwenyewe, amefika mlangoni, amerudi. Homa hakuna kwa siku sita sasa.

Sasa sikiliza. Vichupa vimebaki viwili. Vinahitajika vinane. Wenzangu wa kanisa waliniahidi dawa nilipokuja huku, nao wametimiza; ipo Busia kwa mmoja wao, Mama Akongo, lakini Mangeni hajaja tangu Alhamisi. Leo mwanamke wa sokoni ameniambia baiskeli yake imeonekana imelala kando ya mto, gurudumu juu. Hakusema zaidi nami sikuuliza.

Nitakwenda mwenyewe.

Maggie


Kwenye lori, 15 Novemba

Mama,

Hapana. Mikono inayojua kudunga ni miwili tu katika ua huu, na ni yako. Ukikamatwa, dawa itafika halafu ikae mezani inanitazama. Nikikamatwa mimi, madereva wanapatikana.

Lori naliacha. Gari linapigiwa mkono na askari, mtu wa jembe hapigiwi. Nitapita Buteba kwa miguu, katikati ya mihogo ya watu, nivuke mto pale ng'ombe wanaponyweshwa. Kwenda siku moja, kurudi siku moja. Tarehe kumi na saba niko hapa kabla ya saa yake ya sindano. Rehemah mwambie nimepeleka mzigo Mbale.

Nikichelewa, usiende kuniulizia kambini. Watu huingia na swali wakabaki.

Mkweo,
Hamuza


Tororo, 18 Novemba 1977

Hamuza,

Sijui hii naiandika iende wapi. Naiweka kwenye mkebe kama kawaida.

Ya hamsini na nne nilimdunga juzi. Jana hakuna. Leo hakuna. Joto limepanda kidogo jioni. Labda ni hofu, labda si hofu. Nilimwambia umekwenda Mbale na mzigo. Akainuka, akatazama dirishani, lori lipo. "Mama," akasema, "mume wangu amebeba mzigo huo kichwani?" Tangu hapo hatujadanganyana.

Jirani wa nyuma ameniuliza mbona siku hizi hasikii Kurani. Nikaogopa. Jioni nikakaa kwenye ngazi yako. Maneno yako siyajui. Nimechukua tasbihi uliyoiacha dirishani mwa lori nikavuta punje moja moja, nikisema jina lako kwa kila punje. Nilifika tisini na tisa nikaanza tena. Kuimba nimeshindwa. Wimbo ulitaka ile kelele yako pembeni.

Mungu wangu anisamehe, au wako, atakayewahi.

Maggie


Barazani, 20 Novemba 1977

Hamuza,

Sitauliza hujambo, nimekuona mwenyewe hujambo lipi.

Jana asubuhi ulipoanguka penye lango nilimpigia kelele mzee Oguttu, hakusikia. Nikasimama pale kizingitini. Niliuangalia mwiko nikakuangalia wewe. Kisha nikaja na beseni. Nimekukata shati mgongoni, nimekuosha damu, nimekutoa vioo kumi na viwili tumboni kwa kibano changu cha dresa. Mkanda wa shuka uliojifunga tumboni ulikuwa na vichupa tisa, vitatu vimesagika ulipopigwa. Ulikuwa hujitambui vizuri, unarudia tu: "Nilihitaji sita nikachukua tisa. Naijua barabara." Sita ni vizima. Nilimdunga ya hamsini na tano mikono ikiwa bado na damu yako, baada ya kunawa mara tatu.

Usiogope laana. Nimefikiri usiku kucha. Mama haoshi mkwe, kweli. Lakini wewe huna mama, alikufa ukiwa mdogo, Nasirumbi aliniambia. Basi niliyemwosha ni nani? Wazee wakitaka mbuzi nitawapa mbuzi.

Mangeni?

Maggie


Kwenye lori, 21 Novemba, siku ya Idi Kubwa

Mama,

Idi njema, hata kama si yako. Naandika nimelala ubavu, samahani kwa mwandiko.

Mangeni sikumwona. Huko kambini askari walikoniweka usiku mmoja niliuliza kwa sauti ndogo, mtu akanikanyaga mkono, ndipo nikajua nisiulize. Niliachiwa kwa sababu mmoja wao alinitambua, zamani nilimbebea mama yake mahindi kwa lori. Hakunitazama wala hakuugusa mkanda. Alisema tu, "Huyu mtupeni nje."

Shehe Jamilu amechinja mbuzi wangu wa Idi. Nimemwambia mguu wa nyuma ni wa ndani ya nyumba na mguu wa mbele ni wa mzee Oguttu, kwa ajili ya ule mwiko. Deni la mila lisilale kwako.

Miaka kumi na moja nilikuwa nahesabu siku ambazo hukuja. Ile moja uliyosimama barabarani sikuwa nayo kwenye hesabu.

Hamuza


Barazani, 23 Novemba 1977

Mwanangu Hamuza,

Amani kwako. Leo nimemdunga ya hamsini na tisa, na mzee Oguttu ananisindikiza mpakani kabla jirani hajaamka. Jirani huyo ameanza kuniuliza natoka kanisa gani. Nikibaki nitawaletea gari lile lisilo na namba.

Ya sitini utamdunga wewe. Usikatae. Jana Nasirumbi alipolala nilichukua mto uwe tako, nikachora juu yake kwa mkaa ule mkate wangu wa vipande vinne, na wewe ukaona dirishani, nilijua unaona. Juu, upande wa nje. Chemsha bomba la sindano dakika ishirini. Sema bismillahi yako, mimi nitakuwa nimesema yangu.

Ukinivusha salama katika maombi yako, ingia nyumbani. Siku thelathini na nane kwenye chuma zinatosha.

Mama


Tororo, 24 Novemba 1977

Mama yangu,

Salamu nyingi, na natumaini umefika na magoti yote mawili. Mzee Oguttu amerudi, amesema ulivuka. Ataipeleka barua hii kwa mtu anayemwamini.

Nimechemsha dakika ishirini na tano. Nilipangusa pale pale kwa pamba mpaka Rehemah akasema, "Baba Madina, dunga, au nijidunge?" Nikadunga. Juu, upande wa nje. Hakulia. Kidole kidogo cha mguu alikitikisa makusudi nikione. Sitini. Vidonge vimebaki vya miezi kumi na sita, na hivyo vipo, nimeviona kwa macho.

Kisha nikachukua vitu vyangu vinne, nikasimama nje ya mlango nilioununua mwenyewe, nikabisha hodi. Akauliza, "Nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Nyumba hii ina mwenyewe na mashahidi wawili. Wewe unataka kukaa siku ngapi?" Nilisimama pale na redio kwapani mpaka akaja akafungua.

Hajairudisha ile kauli ya kumpa nyumba, na sitamwomba. Lakini mwisho wa ua, pale lori liliposimama, nimepima hatua saba kwa sita. Patakuwa na chumba chenye jina lako na ufunguo wako, si paa langu. Mabati kumi na mawili nimeshayapata. Nitumie neno moja tu: mlango utazame upande gani?

Jioni nimesoma Yasin polepole. Kila mwisho wa aya nilikuachia nafasi ya ubeti wako.

Mwanao,
Hamuza