Kete ya Mama Vifungo

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipochomoa pasi, ukasema unajilaza dakika tano, nasi tukaamini. Hukuwa mtu wa kuvunja ahadi. Ndiyo maana bado hatujazoea.

Mtaani walikuita Mama Vifungo. Ulikuwa fundi asiyemrudisha mtoto wa shule na sare iliyochanika, hata kama amekuja mikono mitupu. Lakini Jumamosi mchana, kazi ikiisha, ulifunika cherehani, ukachora miraba ya drafti kwa chaki juu ya kifuniko chake cha mbao, ukamwaga vifungo vya makoti: kumi na viwili vyeusi, kumi na viwili vyeupe. Hizo ndizo zilikuwa kete zetu. "Nani anataka kuliwa leo?" uliuliza, macho yakimtafuta Baba.

Ulichopenda katika drafti ulikisema waziwazi: hakuna kinachofichwa. Kete zangu unaziona, zako naziona, hakuna wa kumsingizia. Baba aliuchukia mchezo kwa sababu hiyohiyo. Dereva wa lori mstaafu yule, mtu wa karata. Kwenye karata ukifungwa unalaumu karata mbaya, unalala vizuri. Naye Mjomba, kaka yako, hakuivumilia sheria ya kwamba ukiona pa kula lazima ule. "Mchezo gani huu, dada? Unanilisha kwa nguvu halafu unanichinja!" Ulicheka mpaka miwani ikadondoka.

Mimi, mwanao wa kwanza, niliuchukia kwa kuwa hukuwahi kuniachia nishinde, hata nilipokuwa na homa. Nililia sana siku ile. Ulinifuta machozi, ukataka niseme, "Kosa ni langu," kisha ukasema neno lako la siku zote: "Haya, panga tena."

Ulipoondoka, Baba alinyamaza. Miezi saba alijibu kwa kichwa tu, akala akiwa amesimama jikoni. Kitinda mimba wako alikuja kuniambia, "Dada, Baba naye anaondoka hivihivi tunamwona." Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yako. Nikajifanya sijasikia, kwa sababu niliogopa hilohilo.

Siku hizo mwalimu wa jiografia alileta koti lililokatika kifungo. Nikatoa cheusi kwenye kopo la mafuta ya mgando, nikakishona. Usinikasirikie, Mama. Nilijua kopo lipi ni la vifungo vya wateja na lipi ni la kete, ila siku ile akili haikuwepo.

Asubuhi iliyofuata Baba akatoka chumbani na kopo mkononi. "Nani amechukua kete yangu?"

Yangu! Nyuma yake, sakafuni mwa chumba, tukaona miraba ya chaki na kete zimepangwa pande mbili. Ndipo tulipogundua kwamba kila asubuhi, kabla hatujaamka, alikuwa akicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto.

"Si unauchukia mchezo huu, Baba?" nikamwuliza.

"Nauchukia. Nirudishieni kete yangu."

Nikamfuata mwalimu nikiwa na mkasi na kifungo kingine, nikamweleza yote. Akakishika kile kifungo kifuani, akafikiri. "Acha kwanza. Jumamosi nitakileta mwenyewe."

Jumamosi akaja amevaa koti, jua kali vile! Akakikata kifungo mbele ya Baba, akakiweka mezani. Mimi nikachora miraba. Mistari ilipinda, ungeifuta yote. Kitinda mimba wako akapanga kete.

Wakaanza kucheza. Karibu na mwisho mwalimu akasogeza kete moja kama mtu aliyepitiwa. Baba hakuwa na budi kuila, na mwalimu akamla tatu kwa mpigo. Mchezo ukaisha. Mjomba akaninong'oneza, "Basi tena, sasa atarudi chumbani." Hata mimi niliamini hivyo, na nikajuta kumkubalia mwalimu aje nyumbani.

Baba alizihesabu kete zake tatu zilizoliwa. Halafu akacheka, Mama. Kile kicheko chake cha barabarani, cha kusikika hadi nyumba ya tatu. "Kosa ni langu," akasema, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Akazikusanya kete kwa viganja vyote viwili, akazisukuma kwa mwalimu.

"Haya, panga tena."

Siku hizi anakula akiwa ameketi, na anabishana na kila mtu. Bado hajamfunga mwalimu hata mara moja, na kila Jumatatu anaanza kuulizia Jumamosi.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado anadai anauchukia mchezo, kaka yako, anayetaka sheria ibadilishwe, wanao wawili, wateja wako wote, na mwalimu mmoja ambaye koti lake lina pengo la kifungo, wala hataki nilizibe.

Tutakukumbuka, Mama, kila tunapopanga tena.